Kifaa Kinachojitaja Chenyewe

Miezi michache iliyopita nilifanya jaribio dogo ambalo limeniondolea utulivu hadi leo. Nilifuta vidakuzi vyote (faili ndogo ambazo tovuti huweka ndani ya kifaa) katika kivinjari changu, nikafuta historia na kumbukumbu zote za muda, nikaiunganisha kompyuta na mtandao mwingine ili anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, ibadilike, kisha nikafungua dirisha la hali fiche na kuingia katika tovuti moja ya majaribio inayompa kila mgeni namba ya utambulisho kutokana na sifa za kivinjari na kifaa chake. Namba iliyojitokeza ilikuwa ileile niliyopewa siku iliyotangulia, kabla sijafuta chochote. Sikuwa nimejisajili, sikuandika jina wala barua pepe, na hapakuwa na faili hata moja iliyobaki ndani ya kompyuta yangu ya kuwakumbusha kwamba nimewahi kufika pale. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyonitaja.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba ufuatiliaji mtandaoni ni suala la vidakuzi, na imani hiyo ina msingi. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli alipokuwa katika kampuni ya vivinjari ya Netscape, kwa lengo la kuiwezesha tovuti kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na baadaye kikageuzwa kuwa chombo kikuu cha watangazaji wa biashara. Hata hivyo kidakuzi, kwa ubaya wake wote, ni kitu kinachowekwa mahali. Kimo ndani ya kifaa chako, unaweza kukitazama, kukikataa, kukifuta. Alama ya kifaa, yaani mkusanyiko wa sifa zinazokitofautisha kifaa kimoja na vingine, ni jambo la namna nyingine kabisa, kwa sababu haiwekwi popote: tovuti huisoma, kama mtu anavyoutambua mwandiko wa rafiki yake kwenye barua isiyotiwa saini. Huwezi kufuta kitu ambacho hakikuhifadhiwa kwako, na hapo ndipo uzito wa suala hili unapolala.

Ili ukurasa uonekane vizuri, kivinjari hulazimika kuieleza tovuti mambo mengi kuhusu kifaa. Hutaja upana na kimo cha skrini, wingi wa rangi zinazoweza kuonyeshwa, lugha iliyochaguliwa, saa za eneo, aina ya mfumo endeshi na toleo la kivinjari. Msimbo wa JavaScript, yaani programu ndogo iliyo ndani ya ukurasa, unaweza kuuliza zaidi: kichakataji kina viini vingapi, kumbukumbu ya kifaa ni ya ukubwa gani kwa makadirio, skrini inapokea miguso mingapi kwa wakati mmoja, kadi ya michoro imetengenezwa na nani na ni ya muundo upi. Fonti zilizomo zinaweza kugunduliwa bila hata kuomba orodha yake, kwani msimbo huandika neno lilelile kwa fonti moja baada ya nyingine na kupima upana wake. Upana ukibadilika, fonti hiyo ipo. Yote haya hufanyika kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mtumiaji haombwi ruhusa kwa lolote kati yake.

Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi ni kwamba watu wengi wana skrini za ukubwa mmoja na lugha moja, kwa hiyo habari hizo hazimfichui mtu. Kila moja ikisimama peke yake, hilo ni kweli. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na katika fani hii kuna kipimo halisi cha kibaba hicho, nacho ni biti. Habari inayogawa watu katika makundi mawili yaliyo sawa ina uzito wa biti moja. Inayowagawa katika makundi manne ina biti mbili. Na kila biti inayoongezwa hupunguza kwa nusu kundi ambalo unaweza kuwa umejificha ndani yake. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 33 hupita bilioni 8, biti 33 zinatosha kumtenga mtu mmoja kutoka kwa watu wote walio hai. Mwaka 2010, Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation, taasisi inayotetea haki za watu mtandaoni, alichapisha utafiti uliotokana na mradi wa Panopticlick, ambapo watu walijitolea kuvipima vivinjari vyao. Kati ya vivinjari 470,161 vilivyopimwa, asilimia 83.6 vilikuwa na alama ambayo haikufanana na ya kivinjari kingine chochote katika mkusanyiko ule. Miongoni mwa vile vilivyokuwa na programu za nyongeza za Flash au Java, kiwango kilipanda hadi asilimia 94.2. Alikadiria kuwa alama hizo zilibeba walau biti 18.1 za habari, maana yake ni kwamba ukichukua kivinjari kimoja bila kuchagua, unatarajia kukutana na kinachofanana nacho mara moja tu katika kila vivinjari 286,777.

Orodha ya sifa, hata hivyo, ni hatua ya kwanza tu. Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kusoma juu ya jambo hili ni mbinu ambazo haziulizi kifaa kina nini, bali hukipa kazi ya kufanya na kutazama jinsi kilivyoifanya. Mwaka 2012 Keaton Mowery na Hovav Shacham wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba sehemu ya ukurasa iitwayo kanvasi, iliyokusudiwa kuchora grafu na michezo, inaweza kutumiwa kwa namna hii. Msimbo hukiamuru kivinjari kuchora sentensi fupi na maumbo machache ya rangi mahali ambapo jicho la mtumiaji halifiki. Kila kifaa kinapewa amri zilezile, lakini mchoro haufanani kila mahali, kwa sababu kati ya amri na pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kuna safari ndefu: fonti ina toleo lake, mfumo endeshi una namna yake ya kulainisha kingo za herufi, kadi ya michoro ina njia yake ya kukokotoa mikunjo na vivuli, na programu inayoiendesha kadi hiyo nayo ina kanuni zake za kukadiria desimali. Tofauti zinazotokea ni ndogo mno, pikseli moja iliyokolea kidogo hapa, nyingine iliyofifia pale, na hakuna binadamu ambaye angeziona. Msimbo husoma pikseli zote, huzikokotoa kuwa mfuatano mmoja mfupi wa herufi na tarakimu, na kuutuma kwenye seva. Siku nyingine ukirudi, kifaa kitachora mchoro uleule, na mfuatano utakuwa uleule.

Nimekaa muda mrefu kwenye mbinu hii kwa sababu inaonyesha ugumu wa tatizo lenyewe. Hakuna siri iliyoibwa, wala hakuna mlango uliovunjwa. Kifaa kimefanya kazi halali kwa njia yake ya kawaida, na ukawaida wake ndio uliokisaliti. Mbinu hiyo pia haikubaki maabara. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani na KU Leuven cha Ubelgiji walipozikagua tovuti 100,000 zenye wageni wengi zaidi, waliikuta kwenye zaidi ya asilimia 5 ya tovuti hizo, na sehemu kubwa ilitokana na kampuni moja iliyokuwa ikisambaza vitufe vya kushirikisha kurasa kwenye mitandao ya kijamii. Mwenye tovuti aliyeweka vitufe hivyo kwa nia njema angeweza kuwafuatilia wasomaji wake bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Sauti nayo hutumika. Steven Englehardt na Arvind Narayanan, katika utafiti wao wa mwaka 2016 uliochunguza tovuti milioni moja, waliripoti misimbo inayotengeneza wimbi la sauti ndani ya kivinjari, kulipitisha katika hatua za uchakataji na kusoma tarakimu zinazotoka, bila spika kutoa mlio wowote. Msingi wake ni uleule wa mchoro, kwa hiyo sina haja ya kuurudia.

Kisa cha betri kinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa kinaonyesha jinsi habari inayoonekana duni inavyoweza kugeuka kuwa kitambulisho. Viwango vya wavuti, yaani kanuni ambazo vivinjari hufuata, viliruhusu tovuti kujua betri imebaki na chaji kiasi gani na itachukua sekunde ngapi kuisha au kujaa. Nia ilikuwa nzuri, kwa maana tovuti ingeweza kupunguza kazi nzito pale ambapo simu inakaribia kuzimika, na waandishi wa kiwango hicho waliona kwamba athari zake kwa faragha ni ndogo kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuomba ruhusa. Mwaka 2015 Lukasz Olejnik na wenzake walionyesha kinyume chake. Ukichanganya kiwango cha chaji na sekunde zilizobaki, unapata jozi ya tarakimu ambayo kwa muda mfupi inaweza kumtofautisha mtumiaji mmoja na wengine. Mtu akifuta vidakuzi katikati ya muda huo na kurudi kwenye tovuti, jozi ileile humuunganisha na alivyokuwa kabla ya kufuta. Katika kivinjari cha Firefox kwenye mfumo endeshi wa Linux, kiwango cha chaji kilitolewa kwa desimali nyingi sana, kiasi kwamba hata ujazo halisi wa betri uliweza kukokotolewa, na ujazo huo hushuka taratibu kadiri betri inavyochakaa, hivyo unabeba historia ya kifaa chenyewe. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, iliondoa uwezo huo kwenye tovuti kuanzia toleo la 52 la Firefox mwaka 2017. Ni mara chache sana ambapo uwezo uliokwisha kutolewa kwa tovuti umerudishwa nyuma kwa sababu ya faragha, na naona Mozilla walistahili pongezi zaidi ya walizopata.

Kuna hoja moja ambayo kwa muda mrefu niliiona kuwa faraja: je, watu wawili walionunua simu za muundo mmoja, zenye programu za toleo moja, hawana alama moja? Kiwanda hutoa mamilioni ya vifaa vinavyofanana, na mtu anaweza kudhani kwamba wingi huo ni msitu wa kujifichia. Ukweli ni kwamba viwandani hakuna vitu viwili vinavyotoka sawasawa kabisa. Tangu mwaka 2005, Tadayoshi Kohno na wenzake walionyesha kuwa saa ya ndani ya kila kompyuta huenda mbele au hubaki nyuma kwa kiwango chake cha pekee, kutokana na tofauti ndogo katika fuwele inayoiongoza, na kwamba kiwango hicho kinaweza kupimwa kutoka mbali kupitia mtandao. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliugeukia mfumo wa vitambuzi vya mwendo vilivyo ndani ya simu. Kwa kuwa vitambuzi hivyo hutoka na kasoro ndogo, baadhi ya watengenezaji hupima kasoro za kila simu kiwandani na kuandika ndani yake tarakimu za kuzirekebisha. Watafiti hao waligundua kwamba kwa kusoma vipimo vya mwendo kwa muda usiofika sekunde moja, tovuti iliweza kuzikokotoa tarakimu hizo za marekebisho, nazo zilikuwa za pekee mno kwa kila iPhone, na hazikubadilika hata simu iliporudishwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Jitihada za kukirekebisha kifaa kimoja kimoja, ambazo ni za kusifiwa, zilikuwa zimekipa kila kifaa jina. Apple ilifunga mwanya huo katika iOS 12.2, toleo la mfumo endeshi wa iPhone.

Mwaka 2022 ilifika zamu ya kadi za michoro. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli, Chuo Kikuu cha Lille nchini Ufaransa na Chuo Kikuu cha Adelaide nchini Australia walichapisha mbinu waliyoiita DrawnApart. Kadi ya michoro ina vitengo vingi vidogo vinavyokokotoa kwa pamoja, na vitengo hivyo, hata vikiwa vya muundo mmoja, hutofautiana kasi kwa kiasi kidogo sana. Kwa kuvigawia kazi kupitia WebGL, njia ambayo ukurasa hutumia kuiamuru kadi ya michoro, na kupima muda ambao kila kimoja kinatumia, watafiti waliweza kutofautisha kompyuta zenye maunzi na programu zilezile kabisa. Mbinu hiyo ilipoongezwa kwenye mfumo wa ufuatiliaji uliokuwapo, muda wa kati ambao kifaa kiliweza kufuatiliwa uliongezeka kwa hadi asilimia 67. Baada ya kusoma matokeo hayo niliacha kabisa kujifariji kwa wazo la msitu.

Naomba nisitie chumvi, kwani suala hili lina nguvu ya kutosha bila kuongezewa. Alama za vifaa hubadilika: kivinjari husasishwa, skrini ya pili huunganishwa, fonti mpya huwekwa. Pia wale waliojitokeza kujipima mwaka 2010 walikuwa watu wanaojali faragha na wenye kompyuta zilizorekebishwa kwa namna zao, hivyo hawakuwakilisha umma wote. Utafiti uliochapishwa nchini Ufaransa mwaka 2018, uliokusanya alama zaidi ya milioni 2 kutoka kwa wageni wa tovuti moja ya kawaida, ulikuta kwamba ni asilimia 33.6 tu ndizo zilizokuwa za pekee, na kwa simu za mkononi ni asilimia 18.5. Ni habari njema, ila mtu asiisome haraka. Utafiti huo ulitumia sifa chache zilizojulikana, na anayefuatilia kwa ajili ya biashara halazimiki kuishia hapo. Huchanganya alama na anwani ya IP, muda wa kutembelea, na akaunti ambazo mtu anaingia. Mabadiliko nayo hayamzuii sana. Watafiti waliotengeneza mfumo wa FP-Stalker mwaka huohuo wa 2018 walionyesha kuwa inawezekana kuunganisha alama ya zamani na mpya, na waliweza kuvifuatilia vivinjari kwa wastani wa siku 54 hivi.

Nakiri pia kwamba mbinu hizi zina matumizi ambayo siwezi kuyapinga. Benki inayogundua kwamba akaunti ya mteja imefunguliwa kutoka katika kifaa kisichojulikana, na hivyo kuomba uthibitisho zaidi, inamlinda mteja huyo. Ninachokipinga ni kuhamisha kibali cha kazi hiyo hadi kwenye matangazo, kana kwamba kulinda fedha za mtu na kumfuatilia akisoma habari za ugonjwa wake ni jambo moja.

Upande wa kinga una mtego ambao niliuingia mwenyewe. Nilipotaka kujilinda niliweka viendelezi kadhaa, yaani programu ndogo za nyongeza za kivinjari, nikabadilisha utambulisho wa kivinjari ili kijifanye kuwa kingine, nikazima hiki na kile katika mipangilio. Nilipojipima upya nilikuta nimekuwa wa pekee kuliko mwanzo. Kivinjari kinachodai kuwa cha simu huku skrini yake ni ya kompyuta ya mezani hakimfichi mwenyewe. Kinamtenga na watu wote. Ndiyo maana kinga za kweli hufanywa na watengenezaji wa vivinjari kwa watumiaji wote kwa pamoja, na wamechukua njia mbili. Ya kwanza ni kuwafanya watu wafanane. Kivinjari cha Tor, kilichotengenezwa kwa ajili ya faragha, huwapa watumiaji wake majibu yaleyale kuhusu saa za eneo na fonti, na huzungushia ukurasa pambizo tupu ili vipimo vya dirisha viangukie katika ukubwa wa makundi badala ya kufichua ukubwa halisi. Safari, kivinjari cha Apple, tangu mwaka 2018 huonyesha tovuti fonti zinazokuja na mfumo endeshi pekee, na mwaka 2020 watengenezaji wa injini yake walitangaza kwamba hawatatekeleza violesura 16, yaani njia za tovuti kuzungumza na maunzi, ukiwemo ule wa betri, kwa hofu ya ufuatiliaji. Njia ya pili ni kuvuruga: kivinjari cha Brave huchanganya makosa madogo ya kubahatisha katika michoro na sauti, ili kila tovuti, kila kipindi, isome alama tofauti. Firefox kwa upande wake huzuia misimbo ya kampuni zinazojulikana kwa kazi hii, na ilifanya hivyo kwa watumiaji wote kuanzia toleo la 72 mwaka 2020.

Mimi naegemea njia ya kufanana, kwa sababu makosa ya kubahatisha yanaweza kugunduliwa na pengine kusawazishwa na mtu mwenye subira, ilhali kundi la watu wenye jibu moja halina cha kusawazishwa. Gharama yake ni usumbufu: baadhi ya kurasa huonekana vibaya, na saa zinazoonyeshwa si zangu. Nimeikubali gharama hiyo kwa usomaji wa mambo yanayonihusu mimi peke yangu, na kwa kazi za kawaida natumia kivinjari kingine.

Sheria nazo hazijanyamaza. Barani Ulaya, kamati ya mamlaka za ulinzi wa data ilisema tangu mwaka 2014 kwamba kusoma habari kutoka kwenye kifaa ili kutengeneza alama kunahitaji ridhaa kama kidakuzi kinavyohitaji, na msimamo huo ulithibitishwa katika mwongozo uliopitishwa mwaka 2024 na Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2019 Google yenyewe iliandika kwamba mbinu hii inapindua uchaguzi wa mtumiaji na kwamba si sahihi. Desemba 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 16 Februari 2025 haitawakataza tena wanaotumia mifumo yake ya matangazo kutumia mbinu hizo, na mdhibiti wa data wa Uingereza akaujibu uamuzi huo siku iliyofuata kwa kuuita wa kutowajibika. Nakubaliana naye. Ridhaa ina maana pale tu ambapo mtu akikataa, kukataa kwake kunaweza kuonekana na kukaguliwa. Kwa kidakuzi, naweza kufungua mipangilio na kuhakikisha kwamba hakipo. Kwa alama ya kifaa sina mahali pa kutazama, wala sina njia ya kujua kama tovuti niliyoiambia hapana imeacha kuusoma mchoro ambao kompyuta yangu ilichora bila mimi kuuona. Kwa sababu hiyo swali la nini kivinjari kinaruhusiwa kukisema juu ya kifaa linapaswa kujibiwa kabla ukurasa haujafunguka, katika vikao vya wanaoandika viwango vya wavuti na katika ofisi za wanaotengeneza vivinjari, ambako jibu linaweza kuwa moja kwa watu wote.

Wiki iliyopita nililirudia lile jaribio la mwanzo, safari hii nikitumia kivinjari cha Tor, mara tatu kwa siku tatu. Hakuna namba niliyopewa iliyofanana na ile ya kwanza.